Chujio Lililotoa Maji Haraka

Mama Kidoti alikuwa mshonaji. Cherehani yake ilikaa karibu na mlango wa sebule, palipo na mwanga. Asubuhi hiyo alikuwa anapiga pindo la sare ya shule, lakini akili yote ilikuwa kwa bintiye. Kidoti alikuwa amejilaza mkekani. Hakuomba vitambaa vya kumvisha mwanasesere wake. Tumbo lilikuwa linamwendesha tena.

"Ni meno hayo," alisema bibi, mama mkwe wake, huku akichambua mboga.

"Meno gani, mama? Si yalishaota yote?"

"Basi ni yale machungwa aliyopewa na wenzake."

Mama Kidoti hakujua ashike lipi, aache lipi. Juzijuzi tumbo lilimsokota yeye mwenyewe. Kabla yake aliugua bibi. Mboga aliziosha vizuri. Mikono walinawa kwa sabuni. Maji ndiyo kabisa hakuyatilia shaka, kwa sababu walikuwa na chujio.

Chujio lenyewe lilikuwa ndoo mbili, moja imekaa juu ya nyingine. Ndani ya ndoo ya juu ulisimama mshumaa. Si mshumaa wa kuwasha, bali kipande cha udongo mweupe chenye umbo la mshumaa mnene. Maji yalipenya humo, yakashukia ndoo ya chini yenye bomba. Yalitoka meupe pe!

"Na baba yake je?" alijiuliza. "Tunakula chungu kimoja. Mbona yeye ni mzima kama chuma?"

Kabla ya adhuhuri Kidoti alianza kutapika. Alilia, lakini machozi hayakutoka. Macho yalikuwa yameingia ndani. Mama Kidoti aliacha sare kwenye cherehani, akambeba mtoto mgongoni, akaenda zahanati mbiombio.

Muuguzi aliyewapokea alikuwa jirani yao. Alikoroga unga wa chumvichumvi wa kurudisha maji mwilini, akaanza kumnywesha Kidoti kwa kijiko, kidogo kidogo.

"Nyumbani mnakunywa maji gani?" aliuliza.

"Ya chujio, dada. Tena hatukosi hata siku moja."

Muuguzi alikunja uso. "Hapo na mimi unanichanganya. Nikitoka kazini nitapita kwenu."

Alipofika jioni, Baba Kidoti, fundi wa kuchomelea vyuma, alikuwa amesharudi kutoka karakana. Mtoto alikuwa ametulia kidogo kwenye mapaja ya bibi. Muuguzi alifungua ndoo ya juu, akamimina maji yasiyochujwa, akasikiliza. Maji yalishuka kwa mlio, chururu!

"Mbona yanakwenda mbio hivi?"

"Hiyo kazi yangu, shemeji!" alisema Baba Kidoti, akitabasamu. "Zamani yalidondoka tone, tone, mtu unakufa kiu. Nikaung'oa mshumaa, nikausugua kwa waya wa kusugulia sufuria, nikaikaza nati yake ya chini kwa spana. Sasa ukigeuka tu, ndoo imejaa."

"Lini hiyo?"

"Mwezi uliopita."

Mama Kidoti aliduwaa. Magonjwa yote yalikuja baada ya hapo.

Muuguzi aliutoa mshumaa, akaugeuzageuza kwenye mwanga. Karibu na nati palikuwa na ufa mwembamba kama unywele.

"Spana imeupasua, na maji yanapita hapa," alisema. "Udongo huu una matundu madogo mno. Maji hupenya polepole, vijidudu vingi vya maradhi vikabaki nje. Pakipasuka, maji na vijidudu vyote vinapita."

"Lakini ni meupe!" alisema Mama Kidoti.

"Vijidudu havionekani kwa macho, dada. Maji yanaweza kung'aa na bado yakakulaza kitandani."

"Mbona mimi sijaugua?" aliuliza Baba Kidoti.

"Kutwa unakunywa nini?"

"Chai, kule karakana."

"Basi maji yako yalichemshwa."

Baba Kidoti aliketi. Alimtazama mwanawe, kisha akatazama mikono yake. "Kumbe ni mimi."

"Ulitaka kuwarahisishia," alisema muuguzi. "Sasa maji ya kunywa muyachemshe mpaka yatokote sawasawa, yapoe yakiwa yamefunikwa. Mkipata mshumaa mpya, muusafishe kwa brashi laini na maji safi. Msitumie waya wala sabuni. Nati ikazwe kwa mkono tu. Na ndoo ya chini ioshwe kwa sabuni, isuuzwe kwa maji yaliyochemshwa."

"Mnh! Na mimi nilikazana na meno," alisema bibi, wakacheka.

Tangu hapo sufuria ya maji ilitangulia jikoni kabla ya chungu cha mboga. Baba Kidoti alileta mshumaa mpya, akaufunga kwa vidole, taratibu kama anayemvisha mtoto kiatu. Kidoti alipata nguvu siku baada ya siku. Haukupita muda, akawa anavuta vitambaa kwenye cherehani hadi mama yake akapiga kelele.

Asubuhi moja mteja aliingia karakana akiwa na ndoo ya chujio kwapani.

"Fundi, mshumaa umepasuka. Nizibie hapa kidogo."

Baba Kidoti alizima mashine, akavua miwani ya kazi.

"Chuma nitakuchomelea. Mshumaa huu hauchomelewi, ndugu yangu. Kanunue mpya, na leo uchemshe maji. Nyumbani una watoto?"

"Ninao."

"Basi kaa hapa nikueleze."