Makofi ya Mferejini

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Pilipili alimchana mama yake nywele. Mama alikaa kwenye kigoda, Pilipili akasimama nyuma yake na kitana. Si kwamba mama alikuwa mvivu. Alikuwa fundi wa kushona, mtu wa kukata kitambaa huku anapiga soga na huku anambembeleza mtoto wa jirani. Ila mwaka uliopita alipata saratani ya titi, akafanyiwa upasuaji upande wa kulia, akatibiwa, akapona. Ugonjwa uliondoka, lakini mkono wa kulia ukabaki umekakamaa. Haukupanda kupita bega. Cherehani ilifunikwa shuka, na mama akawa mtu wa kushinda chumbani, mlango umerudishwa.

Jina la Pilipili alipewa na babu yake, kwa kuwa alikuwa mwepesi wa kuwaka. Ukimkanyaga mguu, kabla hujamaliza kusema samahani umeshasemwa wewe na viatu vyako.

Siku moja muuguzi wa kliniki alimweleza mama kwamba mkono sasa unahitaji kazi, kidogo kidogo, na daktari amekubali. Tena wapo wanawake waliougua kama yeye, hukutana kila Jumamosi kucheza bolingi. Mama alicheka. Bolingi, yeye? Mchezo wenyewe aliuona kwenye televisheni tu. Lakini Pilipili alimganda, hakumpa nafasi ya kupumua, mpaka akakubali.

Ukumbi ulikuwa mrefu, sakafu inang'aa, na ulinuka viatu ambavyo wachezaji huazimwa pale. Mchezaji hubiringisha tufe kwenye njia ya mbao, likaangushe pini kumi zilizosimama mwisho. Pembeni ya njia kuna mifereji. Tufe likitumbukia humo, umekosa. Kiongozi wa wanawake wale alikuwa mwoka mikate, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya barabara. Wenzake walimwita Kapteni. Alimchagulia mama tufe jepesi kuliko yote, akamwambia arushe kwa mkono wa upande uliopasuliwa, polepole, na akisikia maumivu aache.

Mama akarusha. Tufe likatambaa kidogo, likapinda, likatumbukia mferejini.

Hapo wanawake wote wakainuka. Wakapiga makofi, wakapiga vigelegele, mmoja akatwanga sakafu kwa miguu. Mama alisimama palepale, hajui auweke wapi uso wake. Damu ikamchemka Pilipili. Mbona muda mfupi tu uliopita, mwenzao alipoangusha pini zote, walitikisa vichwa basi?

"Mnamcheka mama yangu?" alifoka. "Nyie si mliumwa kama yeye? Hamna hata aibu."

Kapteni alifungua mdomo aseme kitu, lakini Pilipili alishabeba mkoba wa mama na kushika njia ya mlangoni. Mama, machozi yakimlengalenga, akamfuata. Nyumbani alijilaza, akageukia ukutani. Akasema hatoki tena. Watu wamemwona vya kutosha.

Haya, mama alikuwa ametetewa. Lakini sasa mlango wa chumba ulifungwa kabisa, na hata chai ilirudi jikoni haijaguswa. Pilipili alianza kuogopa kwamba yule mama wa soga hatarudi tena.

Katikati ya wiki alitumwa mkate. Dukani ulikuwa umekwisha, ikabidi aende kwenye bekari ya Kapteni. Alinyata, akiomba ahudumiwe na mtu mwingine. Wapi! Kapteni mwenyewe alikuwa mlangoni, unga hadi viwikoni.

"Shikamoo," Pilipili alisema, macho chini.

"Marahaba, mwenye mama yake."

Hakumgombeza. Alimpa kiti, akasema kosa ni lake yeye, kwa kuwa hakumweleza mama desturi yao kabla hajarusha. Akamsimulia kwamba alipotoka hospitali, kazi zote alizifanya kwa mkono wa kushoto, ule wa kulia akiuficha chini ya aproni. Siku ya kwanza ukumbini alirusha kwa kushoto, akaangusha pini nyingi, akajisifu. Hakuna aliyemshangilia. Aliporusha kwa kulia tufe likaenda mferejini, na watu wakashangilia mpaka akalia.

"Pini hatuna haja nazo," Kapteni alisema. "Tunaushangilia mkono uliokuwa umefichwa. Mama yako tulimpigia makofi ya nguvu kweli, halafu wewe ukamwondoa kabla hajajua kwamba ni ya kwake."

Pilipili alisikia aibu imempanda hadi masikioni. Aliomba radhi, akakimbia nyumbani na mkate kwapani. Akagonga mlango wa chumba, akamweleza mama yote kwa pumzi moja, pamoja na kwamba yeye ndiye aliyeharibu. Mama akautazama mkono wake. Kisha akauliza viatu vyake vya kutokea viko wapi.

Jumamosi Pilipili aliomba radhi mbele ya wote. Walimsamehe kwa sharti kwamba arushe yeye kwanza. Alirusha kwa nguvu zake zote, tufe likaingia moja kwa moja mferejini. Akageuka na tabasamu, akingoja makofi. Kimya.

"Wewe mikono yako mizima yote," Kapteni alimwambia. "Jifunze kulenga."

Walicheka mpaka wakashikana mabega. Ikafika zamu ya mama. Tufe lake liliyumba, likagusa pini mbili, zikaanguka kivivu. Wenzake wakatikisa vichwa. Mama akashika kiuno, akadai makofi yake, maana yale ya kwanza hakuyafaidi. Akarusha tena. Mferejini! Kabla mtu hajainuka, mama mwenyewe alipiga kigelegele, mikono yote miwili juu. Wa kulia ulikuwa chini kidogo ya mwenzake, lakini ulishapita bega. Hakutambua mpaka alipomwona binti yake amejishika mdomo, analia.

Kapteni akamvuta Pilipili kando. "Kumtetea mama yako si kosa," alisema. "Kosa ni kuwaka kabla ya kuuliza. Ungeuliza tu, tusingempoteza wiki nzima. Na mtu aliyeugua usimfanyie kila kitu. Mwache ajaribu, na akikosa, mpigie makofi."

Asubuhi ya shule, Pilipili alichukua kitana kama kawaida. Mama akakipokea, akamwambia akae yeye kwenye kigoda. Alimchana polepole, akipumzika kila mara, na njia ya nywele ikaenda upogo. Pilipili alikwenda shule hivyo hivyo. Wenzake walipomcheka, hakuwaka. Aliwaambia wapige makofi.