Nyuzi Tisini na Nane

Laptop ikazima.

Asilimia arobaini na moja. Sindano aliiona namba kwenye saa yake ya mkononi, kisha namba ikaganda.

"Umeona sasa?" Tajiri akasema. "Ndiyo mchezo wake. Dakika nne tu, kwisha habari."

Sindano akatikisa kichwa kama fundi yeyote anayemhurumia mteja. Moyoni alikuwa anatukana. Maana yeye si fundi. Ni jasusi, na lile duka la kutengeneza kompyuta lilikuwa lake tangu asubuhi hiyo tu, baada ya vijana wa Mjomba, mkuu wake wa kazi, kumchukua fundi mwenyewe na kumficha mahali. Kile kidude alichochomeka ubavuni mwa laptop, alichosema ni kipima joto, kilikuwa kinanyonya kila faili lililomo. Kilitaka dakika tisa mfululizo. Na mafaili hayafunguki mpaka Tajiri mwenyewe aweke paswedi, kwa hiyo kuikwapua mashine na kutoka nduki kusingesaidia kitu.

Dakika tisa. Laptop inatoa nne.

Tajiri alikuwa anaingiza dripu feki za watoto. Maji machafu, kwenye chupa zenye lebo inayong'aa. Watoto saba walishakufa ndani ya wiki mbili, wodi moja, kabla chupa hizo hazijaondolewa. Ghala liko wapi, hakuna aliyejua. Mzigo unatoka saa sita mchana, na orodha ya ghala na magari iko humo ndani tu.

Saa ilikuwa tano kasorobo.

Halafu kulikuwa na jambo ambalo Sindano hakumwambia Mjomba. Kwenye wodi hiyohiyo, kitanda cha dirishani, alilazwa binti wa dada yake. Ana miezi minne. Sindano ndiye mama mdogo wake. Angesema, kazi angepewa mtu mwingine.

"Nyuzi tisini na nane," sauti ya Mjomba ikanong'ona kwenye kidude cha sikioni. "Inajizima kwa joto. Itengeneze. Kweli kweli."

Sindano akajikuna sikio. Maana yake: nimesikia.

Akamwambia Tajiri ni vumbi tu, nusu saa inatosha. Tajiri akaguna. Na yeye aliihitaji: oda za kupakia mzigo alizituma kutoka mashine hiyo tu. Akaketi. Mlinzi wake hakuketi. Pande la mtu, Glock kiunoni, linaitwa Fundi kwa sababu kabla ya kubeba bastola lilitengeneza simu na laptop miaka sita.

Hapo ndipo penye balaa.

Sindano akafungua skrubu kumi, akainua mfuniko, akapeleka bisibisi kwenye feni.

"Betri," Fundi akasema.

Mkono ukasimama hewani.

Kazini kwao mashine ya adui haikatwi umeme, kilichomo kisije kupotea. Amefundishwa hivyo mpaka vidole vimezoea. Lakini fundi yeyote wa mtaani huchomoa betri kwanza, ndipo aguse kingine.

"Nani kakufundisha kazi, wewe binti?"

"Nilitaka nione kama hilo jina la Fundi umepewa bure," Sindano akasema, huku anachomoa waya wa betri taratibu.

Tajiri akacheka. Fundi hakucheka.

Feni ikatoka. Kati yake na mbavu za shaba zinazopitisha hewa, vumbi lilikuwa limeshikana kama blanketi kuukuu. Akalivuta kwa kibano, likaja zima zima. Akayazuia mapanga ya feni kwa kijiti cha meno yasizunguke ovyo yakavunja beringi, akapuliza kwa kopo la hewa. Wingu likapanda. Tajiri akakohoa, akaanza kusimulia kwamba mashine hulala nayo kitandani, juu ya mto, maana kitinda mimba wake hapati usingizi bila katuni. Alisema kwa upole, kama baba yeyote.

Sindano akaibinya bisibisi mpaka kiganja kikauma.

Chini ya shaba, pesti ya zamani ya kupitisha joto juu ya prosesa ilikuwa imekauka kama chokaa. Akaifuta kwa spiriti mpaka chuma kikang'aa, akatia mpya, kiasi cha punje ya mchele. Akarudisha shaba, akakaza skrubu kwa mshazari, kidogo kidogo. Fundi akaitikia kwa kichwa mara moja, kama kalazimishwa.

Betri. Mfuniko. Paswedi.

Kidude kikachomekwa tena, kikaanza upya kwenye sifuri.

Nyuzi hamsini na sita. Sitini na moja. Sitini na tatu, hapohapo.

Dakika ya nne ikapita. Tajiri akapiga makofi.

Dakika ya saba na nusu, asilimia themanini na tatu.

"Mbona feni inakimbia?" Fundi akauliza.

Ilipokuwa chafu, ilikuwa inakoroma wakati wote. Sasa ni safi, inasema ukweli: kuna kazi inafanyika humu.

"Nimeipa mzigo makusudi. Bila mzigo nitaipimaje?"

"Kwa programu gani?"

Sindano akalivuta karibu kopo la hewa.

Mkono wa kushoto wa Fundi ukaenda kwenye kidude. Wa kulia ukaenda kwenye Glock.

Kopo la hewa, ukilisimamisha linatoa upepo. Ukiligeuza kichwa chini, linatema majimaji yenye baridi ya kuunguza. Sindano akaligeuza. Akammiminia machoni, kisha kwenye vidole vilivyoshika bastola. Jamaa akapiga yowe, Glock ikadondoka, na Sindano akamwahi gotini kwa kigoda.

Tajiri akairukia laptop. Akakutana na mdomo wa Glock.

"Kaa, mzee. Bado inapimwa."

Tisini na sita. Tisini na tisa.

Mia.

"Tumelipata ghala," Mjomba akasema. "Liko nyuma ya kiwanda cha magodoro, vijana wanaingia. Lakini, Sindano. Gari moja lilitoka alfajiri. Wodi ileile ya watoto. Wameshapokea, lebo mpya."

Vijana wawili wakaingia na pingu. Sindano alikuwa tayari na simu sikioni.

"Dada, mtoto ana dripu?"

"Nesi ndiyo anaitundika. Mbona unahema?"

"Vuta mpira. Usimwombe mtu ruhusa. Vuta."

Dada hakuuliza kwa nini. Nesi akasikika anafoka, chupa ikapasuka sakafuni, kisha mtoto akalia, kilio cha hasira, cha mapafu mazima.

"Nimevuta. Analia."

"Mwache alie, dada."

Baadaye Mjomba akamweleza kwamba wodi nzima chupa zimetolewa. Kitanda cha mlangoni tu walichelewa, maji yalishaingia. Pale daktari bado anahangaika.

Sindano akavua aproni, akatoka juani. Mlangoni alikuwepo mteja, kaikumbatia laptop, analalamika kwamba inachemka.

"Ni vumbi hilo," akamwambia, akapita.