Dumu la Bure

Kila Ijumaa Mama Pacha alirudi nyumbani na dumu la bluu kichwani. Dumu hilo, jamani! Nene, mfuniko wake unakaza, halivuji hata tone. Majirani walimwonea gere, hata akaanza kuwagawia mengine.

Alikuwa mfagiaji kwenye maabara ya kupima mawe ya wachimbaji. Dawa za kupimia zikiisha, mwenye maabara, waliyemwita Mkubwa, aligawa madumu matupu.

"Chukua, mama. Zawadi. Suuza tu kwa sabuni."

Mama Pacha alisuuza mara tatu. Akaweka maji ya kunywa.

Pacha wake walikuwa na miaka minne. Mmoja aliitwa Bosi, kwa kununa. Mwingine Spika, maana mdomo wake haukujua likizo.

"Mama, maji yana ladha ya msumari," Spika alisema siku moja.

"Umeshakula msumari, wewe?"

"Bosi amekula!"

"Muongo huyo!"

Wakacheka wote. Mama Pacha akawamiminia tena.

Baada ya wiki chache matumbo yakaanza kuwauma, wao na watoto wa majirani. Wakatapika. Wakakonda. Spika akapunguza maneno, siku hadi siku. Asubuhi moja, wodini, akanyamaza kabisa.

Siku tatu baada ya mazishi, hospitali ikamtuma bwana afya nyumbani. Alilifungua dumu, akanusa, akatikisa kichwa.

"Nilisuuza mara tatu, kaka," Mama Pacha alisema. "Kwa sabuni."

"Hata ungesuuza mara mia, dada. Plastiki hunywa dawa, kisha huitema kidogo kidogo kwenye maji. Dumu la dawa halifai kwa maji wala chakula."

"Basi nimemuua mwanangu."

"Hapana. Madumu haya yalitakiwa kutobolewa, yabebwe na gari la taka za sumu. Gari hilo hulipiwa. Mkubwa wako hakutaka kulipa. Mzigo wake akauita zawadi, akakutwisha wewe."

Kesho yake wakamfuata Mkubwa ofisini.

"Gari lile ni ghali!" Mkubwa alifoka. "Mimi nalipa kodi ya jengo, nalipa umeme. Na taka tena? Serikali ilipe! Au mtaa uchange!"

Mama Pacha hakuwahi kumjibu Mkubwa tangu aanze kazi. Siku hiyo alijibu, taratibu.

"Mtaa ulishachanga, Mkubwa. Wiki iliyopita. Tulinunua jeneza. Dogo tu."

Mkubwa akainamisha macho.

"Anayechafua ndiye anayelipa," bwana afya alisema. "Taka ni sehemu ya kazi yako, kama huo umeme. Weka gharama yake kwenye bei ya kupima mawe. Usiiweke kwenye maji ya watoto. Mpaka gari lije, maabara nimeifunga."

Siku ya nne gari likaja, kwa pesa ya Mkubwa. Mtaa mzima ukatoa madumu yake. Kumi na tisa! Mama Pacha aliomba ayatoboe mwenyewe. Alitumia nyundo na msumari. Hakuacha hata moja.

Sasa gari huja kila Ijumaa. Mama Pacha huweka maji kwenye ndoo mpya, aliyoinunua dukani. Watoto wa mtaa hawatapiki tena. Bosi ameanza kunenepa, na kununa kwake kumerudi.

"Mama, nina kiu."

Mama Pacha humimina maji. Mkono wake haujajifunza bado. Hujaza vikombe viwili.