Aliyejibu Kwamba Hajala

Nje hapakuwa na tone la mvua, lakini mwanamume aliyekuwa ndani ya lifti alikuwa amelowa chepechepe. Pui-shan alijibana pembeni na sanduku lake, maana lifti za majumba ya zamani ya North Point mkiingia wawili na sanduku, mmeshajaa. Maji yalimtiririka yule mtu kutoka mikono ya shati mpaka sakafuni. Na harufu yake, lo! Ilikuwa ya tope la chini ya gati maji yanapokupwa, tope lililozikiwa samaki. Pui-shan akaziba pua kijanja, akijifanya anajikuna.

Alikuwa ametoka Ipoh, alikoolewa, kuja Hong Kong kumtazama mama yake. Miaka ya ugenini haikumwondolea adabu ya nyumbani. Ukikutana na mtu wa jengo lenu humwulizi habari za kazi wala za watoto. Unamwuliza kama amekula.

"Umeshakula?" akasema, macho yake kwenye namba za ghorofa.

Na mtu aliyelelewa hujibu kwamba amekula, hata kama tumbo linanguruma. Huyu akageuza shingo polepole.

"Bado," akasema. "Asante sana kwa kunialika."

Pui-shan akacheka kwa aibu. Mlango ulipofunguka alitoka mbio mbio, wala hakutazama kama kuna aliyetoka nyuma yake.

Mwezi wa saba wa Kichina, jamani! Mwezi ambao wafu wasio na ndugu huachiwa wazurure na njaa zao! Huko chini barabarani Pui-shan alikuwa ameziona sahani za tofu na wali walizotengewa, akaziruka tu na sanduku lake. Mwezi huo hakuna mwenye akili zake anayemwuliza mtu asiyemjua kama amekula. Lakini yeye alikuwa na hamu ya mama yake, na hamu humsahaulisha mtu mengi.

"Umekonda hivyo!" Bi Kwan alimpokea mlangoni. "Mumeo anakulisha upepo?"

"Ma, gauni hata halifungi."

"Basi limerudi maji hilo. Kaa, ule."

Mezani palikuwa na samaki wa mvuke mwenye tangawizi. Bi Kwan akamega kipande, akakitia mdomoni, akatafuna, kisha akaacha kutafuna. Uso ukamkunjamana. Akatema kiganjani. Ulikuwa ute wa kijivu, na ndani yake funza watatu wanene wakijinyonganyonga.

"Nilimnunua akirukaruka," alisema kwa sauti ndogo. "Mwenyewe nimemwona anakatwa."

Pui-shan alionja samaki yule yule, bakuli lile lile. Alikuwa mtamu.

Tangu siku hiyo kila kilichoingia kinywani mwa Bi Kwan kilioza kabla hajakimeza. Wali uligeuka gundi. Yai lilipasuka ulimini likatoa uvundo uliowafikia majirani. Daktari alimulika koo, hakuona kitu, akamtundikia dripu na kumrudisha nyumbani, na mwili wa mama wa watu ukaanza kuyeyuka mpaka pete ikawa inamvuka kidoleni. Pui-shan aliona wazi kwamba mama yake anakufa kwa njaa mbele ya meza iliyojaa.

Halafu ikaja ile sauti. Alikuwa akimlisha mama uji wa mchele saa za mchana, jua limejaa dirishani, mara akasikia mtu anafyonza, fyoo, fyoo, kama anayekunywa supu ya moto, na akatazama midomo ya mama yake akaiona imetulia, haitikisiki, na ufyonzaji ukaendelea hapo hapo kwenye midomo hiyo, ukafuatiwa na ulambaji wa ulafi, na kiti cha tatu, ambacho hakuna aliyekikalia, kikawa kinachuruzika maji meusi yenye magamba ya samaki, yakija taratibu kuelekea vidole vya miguu yake.

Jirani yao Bi Lok alisikia Pui-shan anapiga kelele, akasimama kwenye geti la chuma asiingie ndani. Akanusa.

"We Pui-shan," akanong'ona, "ulimkaribisha nani humu?"

Pui-shan akaeleza habari za lifti. Bi Lok akajipiga paja.

"Uuwii! Nenda kwa Bibi Ngan sasa hivi. Mimi nitakaa na mama yako, lakini nitakaa hapa hapa mlangoni."

Bibi Ngan alikuwa miongoni mwa vikongwe wa chini ya daraja la magari kule Causeway Bay, wale wanaowapigia watu maadui zao: sanamu ya adui inakatwa kwenye karatasi, inachapwa kwa kiatu mpaka ichanike. Alimsikiliza Pui-shan bila kuacha kuchapa.

"Koo la mfu mwenye njaa ni tundu la sindano," alisema. "Chakula hakipiti. Ndiyo maana anaazima kinywa."

"Mbona asichukue changu? Mimi ndiye niliyeuliza."

"Wewe mgeni pale. Mwenye meza ni mama yako." Akaweka kiatu chini. "Sikiliza, binti. Umemkalisha mtu mezani, hukumuaga. Kusanya anachotema mama yako, jaza bakuli, nenda ukingoni mwa bandari ukale naye. Ule wewe, mpaka chembe ya mwisho. Kisha umwambie anachoambiwa kila anayebaki mezani: kula taratibu. Halafu uinuke uende zako."

"Bibi, sitaweza! Nitatapika!"

"Tapika. Ukimaliza upitie kwa wauza majeneza."

Gati lilikuwa limejaa watu wa jioni, wavuvi wa ndoano na wazee wa mazoezi, lakini hakuna aliyekaa karibu naye. Alipofunua bakuli nzi walikuja kwa wingi. Na yule mtu alikuwa ameshakaa mbele yake, anachuruzika, amemkodolea macho kwa heshima zote.

Pui-shan alishika vijiti akala, akala ute na gundi na lile yai lililooza, akala kitu kilichokuwa kikitambaa ulimini kikitafuta pa kutokea, akafumba macho akaikumbuka ile pete inayovuka kidoleni, tumbo likampanda mpaka kooni akalimeza pamoja na yote, machozi na kamasi vikimwingia mdomoni akashukuru, maana vilikuwa na ladha ya chumvi tu, mpaka vijiti vikagonga udongo mtupu wa bakuli.

"Kula taratibu," akasema.

Akainuka, akaondoka. Hakugeuka nyuma.

Nyumbani Bi Kwan alikuwa ameketi kitandani na bakuli la uji, Bi Lok akimshikia. Alimeza. Akameza tena. Rangi ilikuwa imeanza kumrudia mashavuni.

"Ongeza," akasema. "Na tangawizi usinibanie."

Pui-shan akalia kwa furaha kama mtoto, akamkumbatia mama yake, kisha akakimbilia bafuni. Alisukutua maji, akatema, akasukutua tena mpaka fizi zikawasha. Bado alihisi uchafu umenasa nyuma ya gego, akapeleka ulimi kuusafisha. Huko akakuta ulimi mwingine, wa baridi, ukisogea kumpisha.