Mpini wa Doa la Bluu

Jumamosi ile ukumbi wa maonyesho ya vifaa vya michezo ulifurika watu, kiasi kwamba ukitaka kugeuka ilibidi umwombe radhi aliye nyuma yako. Watoto waligombania mipira, vijana walizingira baiskeli, na katika kona moja, juu ya kitambaa cheusi, zililazwa fimbo za gofu kutoka Japani. Hapo ndipo mikono miwili ilipoidaka fimbo moja kwa wakati mmoja.

Mkono wa kwanza ulikuwa wa binti aliyevaa gauni la maua madogo, na juu yake aproni ya kijivu yenye madoa ya gundi. Watu walimwita Kimya. Shule aliiacha kabla hajamaliza darasa la saba, akaenda kukaa kwa mjomba wake, na mjomba akamfundisha kazi yake, kutengeneza fimbo za gofu katika karakana iliyo nyuma ya kiwanja cha mazoezi. Alijua kubandua kichwa cha fimbo, kubadilisha mpini, ule ufito mrefu unaobeba kichwa, kupaka gundi na kupima. Kusema ndiko kulikomshinda. Akiona haya au akishikwa na hofu, maneno yalikwama kooni na badala yake lilimtoka tabasamu, hata mahali pasipo pa tabasamu.

Mkono wa pili ulikuwa wa kijana mrefu mwenye miwani ya fremu nyembamba na shati la samawati lililopigwa pasi mpaka mikunjo ikasimama.

"Shika wewe, dada," kijana alisema, akiachia. "Lakini uishike kwa heshima. Hiyo imefuliwa kwa nyundo. Wajapani hao babu zao walifua mapanga, wajukuu wakahamia kwenye fimbo. Ukipiga mpira, mkono hausikii kitu, kama umekata siagi. Halafu mipini yao, aa, hapo usiseme."

 Kimya alikigonga kichwa cha fimbo kwa ukucha, mara mbili, akakisogeza sikioni.

"Hii haikufuliwa," alisema kwa sauti ndogo. "Imemiminwa."

"Unasemaje?"

"Imemiminwa kwenye kalibu, chuma kikiwa uji. Ndiyo maana inalia. Iliyofuliwa hailii, inaitika tu." Akaonyesha ya tatu kutoka mwisho. "Ile pale."

Muuzaji akakohoa. "Binti anasema kweli. Hiyo tumeiweka mbele kwa sababu inang'aa."

Kijana akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena na kumtazama Kimya upya. "Mimi ni fundi wa miwani," alisema. "Kila siku nawaambia watu kwamba hawaoni. Leo zamu yangu imefika."

Kimya akatabasamu, maana alikuwa ameshikwa na haya mpaka kwenye nywele. Mjomba akatokea na katoni ya gundi kichwani, akauliza kuna nini.  Kijana akamuuliza karakana iko wapi.

Jumanne iliyofuata kijana alikuwa mlangoni mwa karakana, na kitu kirefu kimefungwa kwenye gazeti. Ndani mlikuwa na vichwa viwili vya Kijapani, vyote vya namba saba, vilivyofuliwa, na mipini miwili. Mmoja ulikuwa mgumu, wenye lebo nyekundu. Wa pili ulikuwa laini, unaopinda kidogo, wenye lebo ya kijani.

"Kapteni ananikera," alieleza, akikaa juu ya ndoo kama mtu wa nyumbani. Kapteni alikuwa rubani mstaafu aliyecheza naye gofu. "Anasema mpini mgumu sina mkono wake. Namwambia ninao. Sasa nataka tumalize ubishi. Nifungie fimbo mbili, kila kitu sawa, isipokuwa mipini. Uzito nisawazishie, nisije nikaotea. Halafu zungushia mipini karatasi, nisione lebo. Ndivyo ninavyowapima watu macho. Naweka kioo cha kwanza, naweka cha pili, nauliza, hii, au hii? Macho hayadanganyi, ila mwenye macho anapenda sana kudanganya."

"Na mikono?" Kimya aliuliza.

"Mikono ndiyo tutaiona."

Mjomba, aliyekuwa akipiga msasa pembeni, akasema bila kuinua kichwa, "Wengine huja na fimbo iliyovunjika. Huyu kaja na fimbo nzima na mdomo."

Kimya alifanya kazi ile siku mbili. Alitia vipande vya madini ya risasi chini ya mshikio wa fimbo yenye mpini laini, uliokuwa mwepesi zaidi, mpaka mizani ikasema zote ni sawa, akazungushia mipini karatasi ya kaki, kisha akaweka doa la rangi kwenye kila karatasi. Mgumu aliupa doa jekundu, laini doa la bluu.

Kijana alipozifuata, alipiga kiwanjani mipira arobaini. Fimbo ya doa jekundu ilitoa mipira iliyokwenda kulia kama imeitwa huko. Ile ya doa la bluu ilitoa mipira mirefu, ya juu, iliyonyooka, ikashuka polepole mahali pamoja. Alisimama akiitazama fimbo kwa mapenzi ya wazi.

"Huu ndio mgumu," alisema. "Nimeujua. Unasikia unavyojibu?"

Kimya akafungua mdomo.

"Usiniambie," kijana akamkatiza, akiinua kiganja. "Nataka niuzoee kwanza. Siku ya kuufungua tutaufungua sote wawili, mimi na wewe."

Kimya akaufunga mdomo. Neno *tutaufungua* alilala nalo wiki nzima.

Ikaanza desturi ya simu. Kila siku saa saba, duka la miwani likifungwa kwa chakula, simu ya Kimya iliita.

"Upo?"

"Nipo."

"Unafanya nini?"

"Nakusikiliza."

"Leo kaja bibi mmoja, nimempa miwani, kamtazama mumewe, kanirudishia. Anasema afadhali alivyokuwa anamwona zamani."

Kimya akicheka, kijana alinyamaza upande wa pili ili asipoteze hata kidogo cha kicheko kile. Wiki ya tatu alianza kumwita mpenzi. Kimya hakumwita kitu, lakini ikifika saa saba kasoro alikuwa ameshanawa gundi mikononi, kana kwamba simu ina macho.

Siku moja kijana aliuliza, "Hebu niambie, mpenzi. Wa doa la bluu ndio ule mgumu, sivyo?"

 Huo ndio ulikuwa mlango wa kupitia, nao ulikuwa wazi kabisa. Lakini Kimya aliwaza jinsi kijana anavyojisifu, jinsi wenzake watakavyomcheka, na kwamba labda kesho saa saba simu haitaita.

"Ulisema tutaufungua sote wawili," alijibu.

"Nilikuwa nakujaribu," kijana alisema kwa furaha. "Basi Jumapili tunafungua."

Jumapili hiyo asubuhi Kimya alivaa gauni la rangi ya machungwa alilokuwa hajalivaa bado, akajifunga kilemba cheupe. Alikwisha kuamua kumvuta pembeni amwambie kabla karatasi haijatoka. Lakini alipofika kiwanjani, wale watu ambao kijana jana yake alisema atawaita walikuwa wameshafika, kumi na tano, na kijana katikati yao akihubiri.

"Mkono wangu unataka chuma kigumu," alikuwa akisema. "Wiki sita, ndugu zangu. Mipira inakwenda kama imechorewa mstari."

"Hebu tuone hicho chuma," alisema Kapteni, na kabla mtu hajamzuia aliinyakua fimbo na kuichana karatasi kutoka juu mpaka chini.

Lebo ya kijani ikatazama jua. Pale kiwanjani kila mtu aliijua.

"Mpini wa babu," Kapteni alisema taratibu, akiufurahia kila mdundo wa neno. "Mimi nina miaka sabini na moja, na huu sipigii."

Kicheko kilichotoka hapo kiliwafukuza ndege juu ya uzio. Kijana hakumtazama Kapteni. Alimtafuta Kimya katikati ya watu, akamwona, na Kimya, aliyekuwa ameshikwa na hofu, alikuwa anatabasamu.

"Ulijua," kijana alisema.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoufunga."

"Na jana nilipokuambia nitawaita watu waje waone?"

 Tabasamu la Kimya likabaki palepale, kama kibandiko kisichobanduka. Kijana akavua miwani, lakini safari hii hakuifuta. Aliitia mfukoni, akaichukua fimbo mkononi mwa Kapteni, akaondoka.

Kesho yake saa saba simu haikuita. Wala kesho kutwa. Kimya alinawa gundi saa ileile kwa wiki tatu, akakaa akiitazama simu, kisha akarudi kwenye kazi na kuinamia meza mpaka pua ikagusa chuma.

Mjomba alivumilia, kisha akachoka. "Mpigie."

"Nitasema nini?"

"Kwa hiyo unangoja akupigie yeye, akuombe radhi kwa kuchekwa?"

"Kwenye simu siwezi, mjomba. Nikimwona usoni ndiyo kabisa."

"Basi tafuta mahali pasipo simu wala uso," mjomba alisema, akidhani amefunga mjadala. "Na hiyo pua itoe kwenye gundi. Huoni wewe. Miezi mingi sasa nakuambia ukapimwe macho."

Kimya akainua kichwa taratibu.

Duka la miwani lilikuwa kwenye barabara yenye maduka mengi, kati ya mshona viatu na muuza vitambaa. Kaunta ilishikwa na dada mkubwa wa kijana, mwanamke mnene mwenye miwani mitatu, mmoja machoni, mmoja kichwani, mmoja umening'inia kifuani. Benchi lilikuwa limejaa.

"Jina?" dada aliuliza, kalamu tayari.

"Kimya."

Kalamu ikasimama. Dada akashusha miwani ya kichwani juu ya ile ya machoni ili amwone vizuri zaidi. "Ndiye wewe," alisema. "Mdogo wangu wiki tatu hizi amewauzia watu wanne miwani ya wenzao. Pita mbele, mama. Hawa watanisamehe."

Chumba cha kupimia kilikuwa na giza, isipokuwa ubao wa herufi uliomulikwa ukutani. Kimya alikaa kwenye kiti kirefu, na chombo kizito cha vioo kikasogezwa mbele ya uso wake. Kijana aliingia akisoma karatasi.

"Karibu. Macho yanakusumbua vip..." Akakoma.

Akaiweka karatasi mezani. Kisha kijana, kwa sauti ya kazi, akasema, "Tazama ubao. Hii," kioo kikalia *tak*, "au hii?"

"Ya kwanza," alisema Kimya. Kumbe nyuma ya kile chombo hakuna uso. Hakuonwa wala hakumwona mtu. Akavuta pumzi. "Sikuwa nacheka."

*Tak*. "Hii, au hii?"

"Ya pili. Nikiogopa natabasamu. Nilitabasamu hata siku ya msiba wa mama yangu, shangazi zangu wakaacha kusema nami. Pale kiwanjani niliogopa kuliko siku hiyo ya msiba. Nilivaa gauni jipya nije nikuambie kabla. Nilichelewa. Na ile siku uliyoniuliza kwenye simu, hiyo sikuchelewa, nilifanya makusudi. Niliona nikikuambia hutanipigia tena. Hilo ni kosa langu, sina la kujitetea. Lakini mpini si wa babu. Nimekutazama unavyopiga. Mkono wako hauna haraka. Mtu asiye na haraka anataka mpini unaomngoja. Hilo ndilo nilitaka kukuambia wiki zote sita, nikashindwa, maana ulikuwa unaongea."

Kwenye giza ukatoka mlio mdogo. Kimya hakujua kama ni kicheko au kilio, mpaka mlio wenyewe ukawa mkubwa.

"Sijawahi kukusikia ukisema maneno mengi hivyo," kijana alisema.

"Sijawahi."

"Nami nikuambie langu. Fimbo ile sijaitupa. Kila asubuhi naenda kiwanjani kabla Kapteni hajaamka, naipiga, na kila mpira ukinyooka nazidi kukasirika. Nimechekwa sana maishani, kuchekwa hakuniui. Nilidhani ule mpini ulikuwa mzaha wenu mliokuwa nao nyinyi na mimi sipo. Wiki tatu ikifika saa saba nashika simu, naiweka."

"Mimi nanawa mikono," Kimya alisema.

Mlango ukagongwa. "Wako saba hapa nje," ilikuwa sauti ya dada. "Na mmoja ana kiu."

"Dakika moja, dada." Kijana akasogea karibu na chombo, akashika vioo. "Hatujamaliza kupima. Sikiliza vizuri. Ya kwanza." *Tak*. "Kila Jumamosi nakuja karakana, mjomba ananiuliza nataka nini, nasema mpini." *Tak*. "Ya pili. Nakuja karakana na wazazi wangu wawili, wamevaa vizuri, mjomba ananiuliza nataka nini, nasema wewe. Ipi afadhali? Ya kwanza, au ya pili?"

Kimya alisikia tabasamu likimjia. Akalichunguza kwa ndani, kama anavyochunguza gundi iwapo imeshika, akaona kwamba hofu haimo.

"Rudia ya pili," alisema.

Kijana akarudia, lakini safari hii polepole, mpaka kwenye neno *wewe*. Huko nje kugonga kulikuwa kumekoma. Hata mwenye kiu alikuwa ametulia.

Kimya akakisukuma pembeni kile chombo cha vioo, akamtazama usoni.

"Ya pili," alisema, kwa sauti iliyofika mpaka benchini.

"Basi mwandikie hiyo," dada akajibu nyuma ya mlango, "na wengine waingie."