Kopo la Mafuta ya Waridi

Foleni ya maji ilikuwa imefika karibu na reli za tramu, na Nevena alisimama katikati yake na madumu mawili ya plastiki, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote, skafu ya kijani imepandishwa hadi puani. Mabomba ya chemchemi pale nyuma ya bafu la zamani hutoa maji ya moto mwaka mzima, na wazee wa mji wa Sofia wanaapa kuwa yanatibu tumbo, figo na hata hasira. Mama yake Nevena alikuwa hanywi maji mengine. Kwa hiyo kila Jumamosi binti alikuja kuchota, na kila Jumamosi mvuke ulimfanyia ule ule ubaya.

Ulimpandisha damu usoni. Mashavu yalianza kuwaka, pua ikafuata, na vile vipele vya kidevuni vikasimama kama vimeitwa majina. Alikuwa na miaka thelathini na sita. Tangu usichana aliambiwa chunusi ni za ujana, zitaisha akiolewa. Ujana ukaisha, ndoa haikuja, chunusi zikabaki, na juu yake ukaongezeka wekundu usioondoka kwa sabuni wala kwa sala. Alifanya kazi katika duka la miwani, kazi ya kumvalisha mtu fremu huku nyuso zikikaribiana. Mteja akishavaa miwani mipya, kitu cha kwanza kukiona vizuri maishani mwake ni uso wa Nevena. Wengi walisema, "Pole dada, umeungua?"

Zamu yake ilipofika akainama bombani, skafu ikateleza. Bibi mmoja mnene aliyekuwa anajaza chupa pembeni akamkazia macho.

"Mwanangu, umeona haya, au umeshazimua asubuhi yote hii?"

Watu wakacheka. Nevena akavuta skafu, akatamani ardhi impasukie.

"Bibi, mwache," sauti ya kiume ikasema nyuma yake. "Ameniona mimi. Wanawake wote wakiniona huwa hivyo."

"Wewe na pua hiyo?" bibi akajibu, na kicheko kikahamia kwa mwanamume.

Alikuwa mrefu, ndevu fupi, sweta la bluu lenye kiwiko kilichotoboka. Akayabeba madumu ya Nevena bila kuombwa.

"Naitwa Luben. Nina kibanda Soko la Wanawake, nauza asali na mitishamba. Wewe umeshafungwa uzi?"

Ilikuwa tarehe mosi Machi. Kwetu siku hiyo kila mtu hufungwa mkononi uzi mwekundu na mweupe, ili Bibi Marta, yule kikongwe mwenye mwezi wake na vituko vyake, asikuunguze uso kwa jua la kwanza. Hujinunulii mwenyewe. Unafungwa na anayekujali, nawe unauvaa mpaka uone mti uliochanua.

"Bado," Nevena akasema.

"Saa tano hii? Mji mzima huu hauna mtu?" Luben akachomoa uzi mfukoni. "Lete mkono. Bibi Marta asikuunguze."

"Huyo amechelewa. Nimeshaungua zamani."

"Basi asirudie."

Akaufunga kwa mafundo mawili, taratibu. Nevena aliutazama mkono wake njia nzima ndani ya tramu, akasahau kupandisha skafu.

Simu ikaanza. Luben alipiga akiwa kibandani, akiwa njiani, akiwa anakula.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula supu. Ya baridi, maana ya moto inaniwasha uso."

"Na mvinyo?"

"Mvinyo ndiyo kabisa. Nakunywa glasi moja, nafanana na taa ya kuzuia magari."

"Basi nikioa, harusi yangu itakuwa rahisi. Bibi harusi hali vya moto, hanywi, hakai juani. Nitamweka kabatini na vyombo."

"Nani kasema utanioa?"

"Nimesema nikioa. Mbona umejiingiza mwenyewe?"

Alicheka mpaka mama yake akauliza kutoka chumba cha pili kuna nini. Lakini kila walipokutana Nevena alikuwa amejipaka tabaka mbili za fondesheni na poda juu yake, na hakukubali kupigwa busu ila la mdomo, haraka, kichwa kimeelekezwa gizani. Aliogopa siku ile. Mwenye siri usoni haifichi kwa muda mrefu.

Siku ile ikaja Jumapili moja asubuhi. Kengele ikalia, Nevena akadhani ni jirani, akafungua na gauni la kulalia, uso umeoshwa, mwekundu, vipele vinne vibichi kwenye kidevu. Luben alisimama mlangoni na banitsa, ule mkate wetu wa matabaka na jibini, ya moto kwenye karatasi.

Nevena akataka kufunga mlango. Luben akaweka mguu.

"Usinitazame."

"Mbona? Ndio wewe huyo?"

"Ndio mimi huyu."

Luben akamwinamia, akambusu shavuni, pale pale penye moto. "Naupenda uso huu," akasema.

Nevena akalia, akala banitsa, akalia tena. Tangu azaliwe hakuna mwanamume aliyewahi kumwambia hivyo akiwa hajapaka kitu. Wahenga wanasema ukipenda boga, penda na ua lake, naye aliamini amempata mtu wa kupenda vyote viwili. Kesho yake Luben akamletea kopo dogo.

"Mafuta ya waridi. Anatengeneza shangazi Stoyanka kule kijijini kwetu, bondeni. Paka asubuhi na jioni."

"Nimeshapaka vya dunia nzima, Luben."

"Vya dunia ni vya dunia. Haya ni ya kwetu."

Yalinukia bustani. Hazikupita siku nyingi wekundu ukaanza kurudi nyuma, ukaondoka kwenye pua, kisha mashavuni. Vipele vikakauka. Wiki ya pili Nevena alisimama mbele ya kioo cha dukani, akavaa miwani ya mteja, akajiona mweupe kama jibini. Akaitupa fondesheni kwenye pipa la taka akifurahi kama aliyetoka jela.

Mwisho wa Machi mplamu wa uani kwa jirani yao ukachanua. Wakaufungua uzi pamoja, wakaufunga kwenye tawi.

"Umeomba nini?" Nevena akauliza.

"Ombi halisemwi. Wewe?"

"Mimi nimeshapewa, sikuwa na la kuomba." Akajibandika kifuani pake.

Luben akamchumbia hapo hapo, chini ya maua, bila pete, akasema pete itakuja baada ya mavuno ya waridi. Na Jumamosi, baada ya kuchota maji ya mama, Nevena akawa anakwenda kusimama kibandani kwa mchumba wake, amevaa gauni jeupe lenye shingo wazi. Luben aliwaambia wateja, "Mnamwona huyu? Mwezi wa tatu mwanzoni alikuwa anajifunika skafu. Njoo mpenzi, geuka wakuone." Naye akageuka, kwa fahari. Wanawake wenye mashavu kama yake ya zamani walimtazama kwa uchu, wakaondoka na makopo ya mafuta yale.

Mwezi wa Mei Luben akaenda bondeni kuvuna. Kopo la Nevena likaisha. Hakujali, akaona uso umeshapona.

Siku ya tatu akaamka ngozi inambana. Siku ya tano hakuweza kuulaza uso kwenye mto. Uso wote ulivimba, ukawa mwekundu kuliko ulivyowahi kuwa, na vipele vyenye usaha vikaota hadi kwenye kope. Maji ya bomba yalimchoma. Mama yake alipomwona akaangusha kikombe.

Akapiga simu. "Luben, uso wangu umeharibika."

"Kopo limeisha?" Aliuliza haraka mno.

"Limeisha. Umejuaje?"

"Nimekisia tu. Sikiliza, roho yangu, usiende popote. Nakuja Ijumaa na jingine. Ukipaka utatulia."

"Ninakwenda kwa daktari."

"Daktari wa nini? Watakujazia makemikali. Nisubiri mimi."

Hapo ndipo alipopaswa kushtuka. Lakini mwenye kupenda husikia anachotaka, naye alisikia mtu anayemhurumia. Alikwenda kwa daktari kwa sababu ya maumivu tu. Daktari, mama mmoja mpole mwenye nywele fupi za mvi, alimshika kidevu akamgeuza kwenye taa.

"Ulikuwa unapaka nini?"

"Mafuta ya waridi. Ya nyumbani."

"Na yalikuponya haraka?"

"Haraka sana."

Daktari akavua miwani. "Una rosasea, ugonjwa wa ngozi ya uso. Huenda unayo tangu zamani. Haiponi, inatunzwa. Waridi haliwezi kuizima kwa wiki mbili. Dawa ya kuizima hivyo ni steroidi, na ukiiacha ugonjwa unarudi na ndugu zake wote. Kuna mtu amekuchanganyia dawa, mwanangu."

"Haiwezekani. Mtu huyo ananipenda."

"Mimi sijasema hakupendi. Nimesema amekuchanganyia."

Akampa dawa ya kunywa na jeli ya kupaka, akamwambia aoshe uso kwa maji ya vuguvugu, asisugue, asitoke bila krimu ya kuzuia jua, na awe na subira ya miezi. Nevena aliitikia yote asisikie hata moja. Kesho yake alfajiri akapanda basi la bondeni, amevaa kofia pana, kopo tupu ndani ya mkoba.

Alimkuta shangazi Stoyanka kwenye jiko la nje, chini ya mzabibu, akichambua waridi. Aliutazama uso wa mgeni bila kushtuka, akamsogezea kiti kivulini. Nevena akamkabidhi kopo. Kizee akakwangua ukutani mwa kopo kwa ukucha, akanusa, akasugua kati ya vidole.

"Harufu ni yangu. Mafuta si yangu. Yangu ni ya manjano, nta ya nyuki. Haya meupe yametoka wapi?"

"Luben aliniambia ni yako. Aliniambia yanaponya."

"Yangu? Yangu hayaponyi kitu, mwanangu. Yananukia tu. Nimempaka marehemu mume wangu maisha yake yote na akazikwa na sura ile ile."

Luben akatokea shambani na gunia la waridi begani, jasho linamtiririka. Alipomwona Nevena akatabasamu, kisha tabasamu likakwama.

"Luben," Nevena akasema, "ulitia dawa ya duka la dawa humu ndani?"

"Hapana," akasema.

Lakini huku kwetu mtu akikubali hutikisa kichwa kushoto na kulia, na tabia aliyozaliwa nayo mtu haijui kudanganya. Mdomo ulikataa. Kichwa kikaenda kushoto, kikaenda kulia, polepole, kama cha mtoto mbele ya mwalimu. Shangazi aliona. Akaweka chini waridi lililokuwa mkononi.

"Nilifanya kwa ajili yako," Luben akasema.

"Na wale wa sokoni?"

"Makopo yao nilitia kidogo tu. Nyepesi."

"Na langu?"

Luben akashusha gunia chini.

"Langu, Luben?"

"Lako nilizidisha. Wewe ndiye uliyekuwa unasimama mbele ya kibanda."

Nevena alihisi uso unawaka, na safari hii haikuwa mvuke wala jua. Alikuwa amesalitiwa, na kilichomuuma zaidi ni kwamba aligeuka mwenyewe, mara ngapi, akitabasamu, ili wamwone. Alikuwa ubao wa tangazo akidhani ni mchumba.

"Siku ile mlangoni," akasema, "ulinibusu ukasema unaupenda uso huu."

"Niliupenda. Naupenda. Nilitaka tu uwe mzuri zaidi."

"Basi hukuupenda."

"Nevena, mpenzi wangu, kaa kwanza."

"Usiniite hivyo. Niite jina langu."

Hakukaa. Shangazi ndiye aliyemsindikiza kituoni, amemshika mkono, na njiani kizee hakumtetea mpwa wake hata kwa neno moja.

Jumamosi Nevena akaenda Soko la Wanawake. Hakuvaa skafu, hakuvaa kofia, ila gauni lile jeupe na krimu ya jua ya daktari. Akasimama mahali pale pale alipozoea kusimama, uso umevimba, umejaa usaha.

"Mlinunua kwa sababu yangu," akawaambia wanawake waliokuja. "Nitazameni tena. Ndani mna steroidi. Msiache ghafla, nendeni kwa daktari awaachishe." Mmoja alimtukana, mmoja akamkumbatia, na bibi mmoja akarudisha kopo mezani kwa nguvu likapasuka kifuniko. Nevena alisimama mpaka soko likafungwa. Baada ya wiki kibanda kile kilikuwa kinauza soksi.

Uso ulichukua majira ya joto yote na vuli yote. Ugonjwa ulitulia, haukuisha. Mashavu yalibaki na wekundu wa chini kwa chini, kipele kikaja kikaenda, naye akajifunza kula supu ikiwa vuguvugu na kulala bila kujichunguza kiooni. Dukani mteja akiuliza kama ameungua, alijibu, "Hapana, ni rosasea. Miwani inakubana?"

Tarehe mosi Machi akawa tena kwenye foleni ya maji, koti lile lile, skafu imekaa shingoni. Luben alikuwa anamsubiri kando ya bomba. Amekonda, sweta lile lile, kiwiko kimeshonwa.

"Nimeacha biashara ile," akasema. "Nafanya kazi kwenye maghala. Sijamgusa mwanamke mwingine. Nisamehe, Nevena. Kubali nikuoe, hata ukitaka kunipiga kila siku." Akachomoa uzi. Na nasema kweli, alikuwa anampenda. Hilo ndilo lililolifanya jambo kuwa zito.

Nevena naye alimpenda bado. Alihisi mkono wake unataka kunyooka wenyewe. Akaukunja mkono wa koti, akamwonyesha. Uzi mwekundu na mweupe ulikuwa tayari pale, fundo moja, limelegea, kama la mtu aliyefunga kwa mkono mmoja na meno.

Luben akautazama. "Nani kakufunga?"

"Mimi."

"Mtu hajifungi mwenyewe, Nevena. Haina baraka."

"Ulionifunga wewe ulikuwa na baraka gani?"

Luben akaurudisha uzi mfukoni, akaondoka kuelekea kwenye tramu bila kugeuka. Nevena akamtazama mpaka akapotea kati ya watu, kisha akainama kujaza madumu. Mvuke ukampanda usoni. Bibi mnene wa mwaka uliopita alikuwa pale pale na chupa zake.

"Mwanangu, mbona mwekundu hivyo? Umeona haya?"

"Hapana, bibi," Nevena akasema, akafunga dumu. "Huu ndio uso wangu."