Mama Asiyejua Kemia

Chumba cha mbele cha nyumba ile kilikuwa karakana ya kushonea. Karibu na dirisha ilikaa cherehani nyeusi ya miguu. Kando yake palikuwa na meza ndefu ya kukatia vitambaa. Ukutani zilining'inia sare za shule, kila moja na kikaratasi cha vipimo kilichobanwa kwa pini. Mama aliyefanya kazi humo aliitwa Fundi na mtaa mzima. Hata mume wake, ambaye ni mwashi wa nyumba, alimwita Fundi.

Chumba cha pili kilitengwa kwa pazia tu. Nyuma ya pazia alikaa binti yao, na mbele yake palikuwa na meza ndogo iliyojaa daftari.

Binti alikuwa amefaulu mtihani wake. Alipata nafasi ya kwenda sekondari ya juu kusoma sayansi. Tangu utotoni alitaka kazi ya kutengeneza dawa. Ila barua ya shule ilikuwa na mstari mmoja uliomnyima Fundi raha. Ilisema kwamba wiki ya kwanza wanafunzi wote wa sayansi watafanya jaribio la kemia. Asiyefikisha nusu ya alama atahamishiwa masomo mengine.

"Likizo ni wiki tisa," Fundi alimwambia Binti. "Usiguse ufagio. Usiguse pasi. Sufuria niachie mimi. Wewe soma tu."

Na kweli Binti alisoma, au wote walidhani anasoma. Binamu yake mmoja alikuwa amemaliza sekondari ya juu. Binti akaazima daftari zake na kuanza kuzinakili. Asubuhi ananakili, mchana ananakili. Vichwa vya habari aliviandika kwa wino mwekundu. Mistari aliipiga kwa rula. Chupa za maabara alizichora vizuri, ungedhani unaweza kuziinua.

Baada ya wiki tatu alikuwa amejaza daftari nne.

"Nne!" baba yake alisema, akipangusa saruji mikononi. "Ungekuwa ukuta, sasa hivi tungekuwa tunapaua."

Fundi alifurahi mno. Yeye aliishia darasa la saba, na yaliyoandikwa mle hakuyajua. Lakini kazi iliyokamilika aliijua kwa macho. Kila mteja aliyekuja kupimwa alionyeshwa daftari kabla ya kuonyeshwa kitambaa.

Siku moja alikuja jirani wao, Bwana Maji. Jina hilo alipewa kwa sababu alifanya kazi kwenye kituo cha kusafisha maji ya mji. Alikuwa na suruali mkononi.

"Fundi, nisaidie. Suruali hii nimeifua mara moja tu, imerudi yote, hainienei tena."

Fundi aliitazama suruali, kisha akamtazama mwenye suruali.

"Suruali haina kosa, Bwana Maji. Tumbo ndilo limeendelea."

"Basi fungua mshono, tulifuate tumbo!"

Wakacheka wote wawili. Fundi alipokuwa akimpima kiuno, hakuweza kujizuia. Alimwita Binti alete daftari.

"Shikamoo," Binti alisema, akampa daftari la kwanza kwa mikono miwili.

"Marahaba, mwanangu." Bwana Maji alifunua kurasa taratibu. "Ee! Mwandiko kama wa kitabu." Kisha akalifunga daftari na kulishika kifuani. "Sasa niambie. Mimi kila asubuhi natia dawa kwenye tangi la maji. Nikizidisha, nawaumiza watu. Nikipunguza, vijidudu vinabaki. Hesabu yake inaanzia kwenye moli. Moli ni nini?"

Binti alilitazama daftari. "Iko ukurasa wa tatu."

"Najua iko ukurasa wa tatu. Nauliza kama iko kwako."

"Moli ni kiasi... ni kiasi chenye..." Binti alinyoosha mkono kulitaka daftari. Macho yalianza kujaa machozi.

Fundi aliangusha futi yake ya kupimia. "Umemtisha mtoto, Bwana Maji! Watu wote wamezisifu daftari hizi."

"Hata mimi nazisifu, Fundi. Ila nikuulize. Akija mwanafunzi wa kushona hapa, akae kwenye kiti akutazame mwezi mzima. Ataweza kushona?"

"Hata tundu la kifungo hataliweza."

"Basi kunakili ni kutazama kwa kutumia mkono. Mkono unachoka, kichwa kimelala. Mimi nilifanya hivyo hivyo. Jaribio langu la kwanza nilipata nane kwa mia, na daftari langu lilikuwa safi kuliko yote darasani."

Binti alicheka huku anafuta machozi. Bwana Maji akaomba barua ya shule. Aliisoma mpaka mwisho, akaweka kidole mahali.

"Someni hapa. Jaribio litatoka kwenye masomo *aliyokwisha kusoma mwanafunzi*. Si mapya. Nyinyi mmeanza kushona mikono ya koti, na kiwiliwili hakijakatwa."

Fundi alipiga hesabu. Wiki tatu zilikuwa zimekwenda. Na ni yeye aliyezihesabu daftari, siku baada ya siku, kama anayehesabu sare za kupeleka dukani.

"Tumechelewa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Wiki sita zinatosha, tena zinabaki. Binti, mitihani yako ya zamani iko wapi?"

Ilikuwa chini ya kitanda, ndani ya mfuko wa nailoni. Binti aliona aibu kuitoa, maana ilijaa alama nyekundu za makosa. Lakini Bwana Maji aliipokea kama mtu aliyeletewa zawadi.

"Hii ndiyo dira yako," alisema. "Daftari linakuonyesha anachojua binamu yako. Makosa haya yanakuonyesha usichokijua wewe. Anza na hapa. Chukua swali moja, funga daftari, ujibu mwenyewe kwa kalamu. Ukikwama, kwama kwanza. Jikune kichwa. Ndipo ufungue, usahihishe. Baada ya siku mbili rudia swali lile lile bila kutazama. Wiki ijayo, tena."

"Kutwa nzima?" Fundi aliuliza.

"Hapana! Nusu saa, kisha ainuke. Afagie, apige pasi. Na usiku alale. Kichwa kilichochoka hakishiki kitu. Jambo la mwisho, kila siku amweleze mtu alichojifunza."

"Nimweleze nani?" Binti aliuliza. "Wewe uko kazini. Baba anarudi jioni. Na mama hajui kemia."

Fundi aliinama akaokota futi yake. Maneno yale yalimchoma, ingawa yalikuwa kweli tupu.

"Ndiyo maana mama anafaa kuliko mimi," Bwana Maji alisema. "Mimi ukiruka hatua, nitaijaza kichwani mwangu wala sitagundua. Mama yako hataijaza. Atakwama pale pale ulipokwama wewe. Fundi, kazi yako ni moja. Usipoelewa, usione haya. Sema, 'Sijaelewa.'"

"Hilo neno," Fundi alisema, "nitalisema bila kufundishwa."

Kesho yake asubuhi Fundi alikaa kwenye cherehani. Binti alisimama kwenye meza ya kukatia, anapiga pasi kola za mashati.

"Haya, mwalimu," Fundi alisema. "Moli."

"Moli ni idadi ya chembe ndogo sana."

"Ngapi?"

"Nyingi mno, mama. Andika sita, halafu uweke tarakimu nyingine ishirini na tatu nyuma yake."

"Yarabi! Nani alikaa akazihesabu?"

"Hakuna anayezihesabu. Wanapima uzito kwenye mizani."

Fundi alisimamisha gurudumu la cherehani kwa kiganja. "Sijaelewa. Uzito utakwambiaje idadi?"

Binti aliinua pasi. Pasi ilibaki hewani.

"Sijui, mama," alisema mwisho. "Kumbe hapo ndipo pananishinda. Niliandika tu."

Fundi alifikiri. Kisha macho yake yakaenda kwenye rafu, kwenye makopo ya vifungo. Kazi hii aliifanya kila mwezi, wala hakuwahi kuiita hesabu.

"Ngoja. Mimi nikitaka kujua kopo lina vifungo vingapi, sihesabu kimoja kimoja, nitazeeka. Napima kumi. Vya shati, kumi ni gramu tano. Kisha napima kopo zima, natoa uzito wa kopo tupu. Nikipata gramu mia mbili na hamsini, najua viko mia tano."

Binti aliweka pasi chini. "Na vya koti?"

"Vya koti ni vizito. Kumi ni gramu ishirini. Kwa hiyo mia tano vya koti vinafika kilo moja."

"Idadi moja, uzito mbalimbali!" Binti alipiga meza. "Mama, ndiyo moli! Moli ya maji ni gramu kumi na nane. Moli ya sukari ni gramu mia tatu arobaini na mbili. Chembe za sukari ni nzito, kama vifungo vya koti. Lakini idadi ni ile ile. Ukijua uzito, unajua idadi!"

"Sasa nimeelewa," Fundi alisema. "Na hiyo pasi angalia, inaunguza kola ya watu."

Wakaendelea hivyo kila siku. Nusu saa ya maswali, kisha ufagio. Nusu saa nyingine, kisha pasi na maelezo. Daftari jipya la Binti halikuwa zuri hata kidogo. Lilikuwa na mikato, mishale na masahihisho.

"Jamani," baba yake alisema akilifunua. "Ukuta huu naona ni viraka vitupu."

"Lakini umesimama, baba," Binti alijibu. "Niulize swali lolote."

"Nikuulize mimi? Mimi niulize mchanga na kokoto."

Si siku zote zilikuwa nzuri. Wiki ya pili Binti alirudia swali aliloliweza kabisa siku chache kabla, na likamtoka lote. Alitupa kalamu. "Afadhali kunakili! Angalau naona nimefanya kitu."

Fundi alikuwa anafumua mshono uliokwenda kombo. Hakuacha kazi yake.

"Jana nilishona mfuko huu mara tatu," alisema. "Unaona nalia? Fungua, tazama ulipoteleza, funga tena. Uanze."

Binti alinuna kidogo, kisha akaokota kalamu. Safari hii jibu lilikuja, na wiki iliyofuata lilikuja upesi zaidi. Bwana Maji alipopita kuchukua suruali yake, alimuuliza maswali matano akiwa amesimama mlangoni. Binti alijibu manne. La tano alisema, "Hilo sijalijua bado, naliandika." Bwana Maji alitikisa kichwa kwa furaha.

Siku ya safari ikafika. Binti aliondoka na sanduku lake na sare mpya alizoshonewa na mama yake. Nyumba ikapoa.

Wiki ile ya kwanza Fundi alishona vibaya. Shati moja alilipachika mikono miwili ya kushoto. Mume wake alisema ni shati la mtu asiye na mkono wa kulia, lakini hata yeye hakucheka sana.

Ijumaa alasiri simu iliita. Fundi aliikamata kwa mikono yote miwili.

"Mama! Nimepata thelathini na nne kwa hamsini. Nabaki sayansi!"

"Anabaki!" Fundi alipiga kelele. Mwashi akaja mbio kutoka uani, miguu ina tope, akaanza kucheza kati ya vitambaa. Fundi alikaa chini polepole. Alisikia tu sauti za wasichana wengine nyuma ya Binti, wakizungumza na kucheka.

Kisha alijifuta uso kwa upindo wa shati lililokuwa kwenye cherehani.

"Mwanangu, hongera sana. Sana. Na zile alama kumi na sita zimepotelea wapi?"

Binti alicheka. "Nyingi kwenye swali la asidi, mama. Nimeshalirudia jana na leo."

"Haya, nieleze."

"Sasa hivi? Mama, tuko foleni ya simu ya shule. Wenzangu wanangoja."

"Wakaribie, wasikie na wao. Mimi asidi siijui. Anza mwanzo, wala usiruke."

Fundi aliweka simu juu ya meza, akafungulia sauti, akaanza kutia uzi kwenye sindano. Na Binti, mbele ya foleni nzima, akaanza kueleza.